Posta Chini, Korti Juu: Habari ya Nyumba Moja ya Montgomery

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwenye semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Wengi waliomba yaandikwe ili wakawasomee wenzao nyumbani. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.



Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tunataka kuwasimulia habari za nyumba moja. Najua kuna wanaojiuliza, nyumba ina nini cha kutupotezea asubuhi? Subirini kidogo.

Nyumba yenyewe iko mbali, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Ilijengwa mwaka 1932 na 1933, wakati wa ile dhiki kubwa ya uchumi iliyowaacha mamilioni ya watu bila kazi. Aliyeichora alikuwa Frank Lockwood, mtu wa mji huo huo. Ni nyumba kubwa ya mawe ya chokaa, na jina ililopewa halikufichaficha kitu: Nyumba ya Posta na Mahakama ya Marekani. Chini watu walinunua stempu na kuchukua vifurushi vyao. Juu aliketi jaji.

Kwetu tumezoea posta ni posta na korti ni korti. (Ingawa nyumba za posta zenye historia tunazo. Atakayefika Lamu aulize posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa 1888 na kufungwa 1891. Leo ni nyumba ya makumbusho.) Lakini Marekani, tangu zamani, serikali kuu ilikuwa na desturi ya kujenga nyumba moja mjini na kuziweka humo ofisi zake mbalimbali, posta pamoja na korti. Gharama moja, paa moja.

Sasa shikeni neno hili, maana bila hilo hamtaelewa mengine. Nyumba hii ilikuwa ya serikali kuu ya Washington. Haikuwa ya mji wa Montgomery wala ya jimbo la Alabama. Kwa hiyo katika mji huo mmoja kulikuwa na korti za aina mbili. Majaji wa jimbo walichaguliwa kwa kura, na watu weusi wengi walizuiwa wasipige kura, kwa mitihani ya kuonea na kwa kodi ya kura. Basi jaji wa namna hiyo atamwogopa nani? Atawaogopa wale wanaopiga kura. Lakini jaji wa serikali kuu huteuliwa na Rais, Seneti ikamkubali, kisha hukaa kazini maisha yake yote. Majirani wanaweza kumnunia, wanaweza kukataa kumsalimu dukani, lakini hawawezi kumfukuza. Mlango wa posta na mlango wa korti ya mji ilikuwa milango miwili tofauti kabisa, ingawa mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka mmoja hadi mwingine.

Sheria ya mabasi

Katika Montgomery mabasi yalikuwa na viti 36. Viti kumi vya mbele vilikuwa vya Wazungu. Hata kama hakuna Mzungu hata mmoja ndani, mama mweusi mwenye kikapu angesimama viti vikiwa vitupu mbele yake. Viti vya katikati weusi waliruhusiwa kukaa, mpaka Mzungu akose nafasi, hapo dereva anapiga kelele na watu wanainuka. Tena mtu mweusi alilipa nauli mlango wa mbele, akashuka, akazunguka kuingilia mlango wa nyuma. Mara nyingine dereva aliondoka kabla hajafika huko nyuma, na senti kumi zake zikaenda hivyo. Na hawa weusi ndio waliokuwa abiria wengi, kama robo tatu ya wote. Kampuni ilikula kwao.

Tarehe 2 Machi 1955 msichana wa shule wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kuinuka. Polisi wakamtoa kwa nguvu na kumfunga pingu. Mwezi wa Aprili mama mmoja, Aurelia Browder, alikamatwa kwa jambo hilo hilo. Mwezi wa Oktoba, Mary Louise Smith, wa miaka 18. Halafu tarehe 1 Desemba akaja yule ambaye dunia inamjua, Rosa Parks, fundi wa kushona, ambaye pia alikuwa katibu wa chama cha kutetea haki za watu weusi pale mjini. Korti ya mji ilimtoza faini ya dola 10 na gharama za kesi dola 4.

Kwa nini wa kwanza asitajwe sana? Tuseme ukweli. Viongozi walimwangalia yule msichana wakaona ni mdogo, ana maneno makali, ametoka mtaa wa maskini. Baadaye alipata mimba kabla ya kuolewa, na hapo ndipo wakaogopa kabisa, kwamba magazeti yatamchafua yeye na kuichafua kesi yenyewe. Wakamweka pembeni. Tunaona akina mama hapa mbele wanaangaliana. Nadhani mnawajua wasichana wa namna hiyo katika vijiji vyenu, na mnajua ni nani husema wasiingizwe kwenye kikundi. Tutarudi kwake.

Miguu na mikate

Usiku ule ule wa kukamatwa kwa Bi Parks, mwalimu mmoja wa chuo, Jo Ann Robinson, kiongozi wa chama cha akina mama, alikaa na wenzake mpaka asubuhi wakipiga chapa maelfu ya karatasi kwa mashine ya stensili. Ujumbe: Jumatatu tusipande basi. Jumatatu tarehe 5 Desemba mabasi yakapita matupu. Siku hiyo hiyo viongozi wakaunda umoja wao, mchungaji kijana wa miaka 26, Martin Luther King, akachaguliwa mwenyekiti, na jioni watu wakajaa kanisani. Kumbukeni alikuwa mgeni mjini, alikuwa amehudumu pale mwaka mmoja na kidogo tu.

Walifikiri itakuwa siku moja, labda wiki. Ikawa siku 381.

Wazee wetu wanajua jambo hili si dogo. Hata Nairobi, wakati wa Hali ya Hatari, watu waligomea mabasi, na wapo waliotembea kutoka mitaa ya mashariki mpaka mjini na kurudi. Kutembea siku moja kwa hasira ni rahisi. Kutembea mwaka mzima, mvua na baridi, halafu uende ukafue nguo za tajiri, hilo linataka mpango.

Na mpango walikuwa nao. Kwanza teksi za watu weusi zilibeba watu kwa senti kumi, sawa na nauli ya basi. Polisi wakaja na sheria kwamba teksi haiwezi kutoza chini ya senti 45. Basi wakapanga magari yao wenyewe, yapatayo 300, yenye vituo vya kuchukulia watu na saa zake. Mwenye duka la dawa mmoja alikaa na simu dukani akielekeza magari. Wachungaji wakawa madereva. Makanisa yakanunua magari makubwa kwa jina la kanisa. Kampuni za bima zilipokataa kuyakatia bima, bima ikatafutwa mpaka London. King mwenyewe alikamatwa Januari 1956 akiwa amebeba watu, eti alikwenda maili 30 kwa saa mahali pa maili 25. Na kuna jambo la kuchekesha: mabibi wa Kizungu walikuwa wakiwaendea wafanyakazi wao kwa magari yao wenyewe, maana nani atapika? Meya akawaomba waache. Hawakuacha.

Fedha zilitoka wapi? Hapa ndipo tunapotaka waweka hazina wasikie. Zilitoka kwenye sadaka, na baadaye kwa marafiki wa mbali. Lakini pia zilitoka jikoni. Mama mmoja, Georgia Gilmore, alikuwa mpishi katika hoteli ndogo ya chakula mjini. Aliposimama kutoa ushahidi juu ya madereva wa basi, alifukuzwa kazi. Akaanza kupika nyumbani kwake. Tena alikuwa ameshakusanya akina mama wengine, wakawa wanapika kuku, keki na pai, wanauza katika maduka ya kusuka nywele, kwenye vituo vya teksi, hata kwa Wazungu waliokuja mlangoni. Mapato yaliletwa kwenye mkutano, yakahesabiwa mbele ya watu wote. Mtu akiuliza pesa zimetoka wapi, jibu ni: hazikutoka popote. Wakakiita kikundi chao jina hilo, kwa Kiswahili tungesema Kikundi Kisichotoka Popote. Sababu yake ilikuwa kwamba wengi wao waliajiriwa na Wazungu. Jina la mpishi likijulikana, kesho hana kazi. Kwa hiyo majina yalifichwa, lakini pesa hazikufichwa. Wengine katika vikundi vyetu hufanya kinyume: majina yanapigiwa makofi kwenye harambee, pesa ndizo hazionekani.

Kupanda ngazi za posta

Mwanzoni hawa watu hawakuomba makubwa. Waliomba madereva wawe na adabu, weusi wakae kuanzia nyuma na Wazungu kuanzia mbele, kila mtu kwa kufika kwake, na waajiriwe madereva weusi kwenye njia za weusi. Hawakuomba hata sheria ifutwe. Mji ukakataa. Tarehe 30 Januari 1956 bomu likatupwa nyumbani kwa King, mke na mtoto wakiwa ndani. Hawakuumia.

Siku mbili baadaye, tarehe 1 Februari, wakili kijana Fred Gray, wa miaka 25, alipeleka kesi kwenye korti ya serikali kuu, katika ile nyumba yetu ya posta. Angalieni akili yake. Kesi ya Bi Parks ilikuwa imekwama katika korti za jimbo, na huko ingeweza kuzungushwa miaka. Kwa hiyo Gray hakumtia Bi Parks katika kesi hii mpya. Alitafuta akina mama wengine waliodhulumiwa kwenye mabasi, na kesi ikapewa jina la Browder dhidi ya Gayle. Gayle ndiye aliyekuwa meya. Washtaki wakabaki wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald ambaye alikuwa bibi wa miaka zaidi ya sabini, Mary Louise Smith, na yule msichana aliyewekwa pembeni, Claudette Colvin. Kulikuwa na mama wa tano. Akatishwa, akajitoa upesi, na wakili mwenyewe akashtakiwa kwa ajili hiyo. Hatumlaumu yule mama. Alikuwa anafanya kazi kwa watu.

Wakati huo huo korti ya jimbo nayo haikulala. Februari viongozi wapatao 90 walishtakiwa kwa sheria ya zamani ya mwaka 1921 ya kukataza migomo ya namna hiyo, na Machi King akatozwa dola 500. Mji mmoja, mwaka mmoja: mlango mmoja unawafunga watu kwa kutembea kwa miguu, na mlango wa pili unakubali kusikiliza kwa nini wanatembea.

Tarehe 11 Mei 1956 kesi ikasikilizwa. Kwa kuwa iligusa katiba, walikaa majaji watatu: Richard Rives, mzaliwa wa Montgomery, Seybourn Lynne, na Frank Johnson, mwenye miaka 37, ambaye alikuwa ameanza kazi hiyo miezi michache tu iliyopita. Wote watatu walikuwa Wazungu wa Alabama.

Colvin alipanda kizimbani. Alikuwa na miaka 16, na nyumbani alikuwa na mtoto mchanga. Wakili wa mji alitaka kumfanya aseme kwamba watu hawa walikuwa kimya na kuridhika, mpaka King akaja kuwachochea. Akamuuliza kiongozi wenu ni nani. Msichana akajibu kwamba viongozi wao ni wao wenyewe. Wakili akarudi kwa njia nyingine, akauliza kwa nini waliacha kupanda mabasi tarehe 5 Desemba. Akajibu kwamba ni kwa sababu walitendewa vibaya.

Tumesoma habari za mikutano mingi ya viongozi wakubwa, na hatujui kama kuna jibu linalotufaa sisi wa vikundi kuliko hilo la msichana wa shule. Wale waliomwona hafai, siku ya haja ndiye aliyesimama.

Majaji waliingia chumbani. Kwa desturi jaji mdogo huanza kusema, ili asije akawafuata wakubwa. Johnson akasema kwamba kwa maoni yake sheria hiyo inavunja katiba. Rives akakubaliana naye. Lynne akakataa. Mazungumzo yenyewe, inasemekana, yalikuwa ya dakika chache tu. Tarehe 5 Juni hukumu ikatoka, wawili kwa mmoja: kutenga watu kwenye mabasi ni kinyume cha katiba.

Walilipia. Nyumbani kwa Johnson msalaba ulichomwa moto uani, na miaka kumi na mmoja baada ya kesi, 1967, bomu likalipuliwa nyumbani kwa mama yake mzazi. Rives alikuwa amefiwa na mwanawe, na kaburi la kijana huyo likachafuliwa kwa rangi na takataka. Tunasema haya kwa sababu wengine hudhani jaji akisoma hukumu anakwenda nyumbani kulala.

Mji ukakata rufani, na watu wakaendelea kutembea. Ikafika tarehe 13 Novemba. Siku hiyo King alikuwa amekaa katika korti ya jimbo, ambako mji ulikuwa unaomba yale magari 300 yapigwe marufuku. Wote walijua magari yakikatazwa mambo yamekwisha, maana miguu ina mwisho wake. Katikati ya kesi mwandishi wa habari akamletea King kikaratasi: Mahakama Kuu ya Washington imeikubali hukumu ya wale majaji wa Montgomery. Jaji wa jimbo akaendelea tu, na jioni akatoa amri ya kuyakataza magari. Basi kwa zaidi ya mwezi mmoja, wakisubiri amri rasmi ifike kutoka Washington, watu walibaki bila magari na bila mabasi. Walitembea. Amri ilifika tarehe 20 Desemba 1956, na kesho yake alfajiri wakapanda, wakakaa walipotaka.

Ndiyo maana sisi hatukubali wanaosema ushindi ulikuwa wa korti peke yake, wala wanaosema ulikuwa wa kutembea peke yake. Korti ilifuta sheria. Lakini bila wale waliopika kuku na wale waliopanga magari, watu wangerudi kwenye mabasi wiki ya tatu, na hakuna mama ambaye angekubali kusimama peke yake mbele ya majaji mpaka Mei.

Mengine yaliyopita humo

Tutapita haraka hapa, maana tunaona chai iko karibu.

Tarehe 20 Mei 1961 vijana weusi na weupe walishuka kwenye kituo cha mabasi ya Greyhound, ambacho kinapakana na nyumba hii. Walikuwa wanasafiri pamoja kujaribu kama sheria inafuatwa. Kundi la watu wenye marungu likawavamia, na polisi hawakuonekana. Ofisa wa serikali kuu, John Doar, alikuwa ndani ya nyumba ya posta akitazama dirishani, na simu mkononi akiieleza Washington alichokiona. Jaji Johnson akatoa amri dhidi ya chama cha Ku Klux Klan na dhidi ya polisi wa mji. Kwa muda mfupi aliwazuia hata wale vijana wasisafiri, jambo ambalo halikuwapendeza.

Mwezi wa Machi 1965, baada ya polisi kuwapiga watu darajani Selma, kesi ililetwa humo humo. Filamu ya kupigwa kwao ikaonyeshwa kortini. Tarehe 17 Johnson akaruhusu maandamano kutoka Selma mpaka Montgomery, kama kilomita 87, na akaandika hata idadi: mahali barabara ilipokuwa nyembamba wasizidi watu 300. Na mwaka 1966 majaji wa korti hii walifuta sheria ya Alabama iliyokataza wanawake kukaa katika baraza la wazee wa kesi. Akina mama, ndiyo, mpaka 1966.

Lakini msifikiri jaji huyu alikuwa malaika. Watu weusi wa Tuskegee, mji ulio karibu, walipotolewa nje ya mipaka ya mji wao kwa ramani iliyochorwa upya ikawa na pembe 28, Johnson aliitupa kesi yao. Walikata rufani, na mwaka 1960 Mahakama Kuu ikamrudisha nyuma. Wangekata tamaa kwa neno la jaji mwema, wangeonewa mpaka leo.

Tuskegee inatuhusu. Mwaka 1959 Tom Mboya wetu alikwenda Atlanta, King na wenzake wakamfanyia karamu. Julai mwaka huo King, akiwa bado mchungaji Montgomery, alimwandikia Mboya kwamba watasaidia gharama za mwanafunzi mmoja Mkenya aliyekuwa anakwenda kusoma Tuskegee. Watu waliokuwa wamemaliza kulipia magari ya mgomo wao walipata cha kumsomesha kijana wa Kenya.

Nyumba yenyewe ilipewa jina la Frank Johnson mwaka 1992, naye akafa 1999. Mwaka 1998 iliandikwa katika orodha ya majengo ya historia, na 2015 ikatangazwa kuwa alama ya historia ya taifa. Mwaka 2002 korti mpya kubwa ilimalizika kujengwa ubavuni mwake. Kituo cha Greyhound tangu 2011 ni makumbusho. Na Claudette Colvin? Mwaka 2021, alipokuwa na miaka 82, jaji alifuta jina lake katika kumbukumbu za wahalifu watoto wa Montgomery. Miaka 66 alikuwa na rekodi ya polisi kwa sababu ya kukaa kwenye kiti.

Kikundi cha maharagwe

Sasa tuseme kwa nini tumewaletea habari hii.

Kuna kikundi cha akina mama, hatutakitaja, kilichouza magunia 40 ya maharagwe kwa mnunuzi mmoja. Akawalipa robo, akaahidi mengine mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi hakuonekana. Walikwenda kwake mara nyingi. Wakaja kwetu. Tukawauliza: kitabu cha mauzo kiko wapi? Katibu alikuwa ameandika kwenye karatasi za daftari la mtoto, nyingine zimenyeshewa. Mkutano wa kukubali bei haukuandikwa. Wanachama walikuwa 22. Siku ya kwenda kwa chifu wakaja 15. Mara ya pili wakaja sita. Mara ya tatu alikuja mweka hazina na binti mmoja mdogo aliyejiunga mwaka huo, ambaye hana mume lakini ana mtoto, na wengine walikuwa wamesema asijiunge.

Na sisi tulifanya nini? Tuliwaambia waache. Tuliwaambia kesi ni gharama, waanze upya na kuku. Tulidhani tunawasaidia wasiumie. Tulikosea, na tunasema hivyo mbele yenu kwa kuwa baadhi yao wako hapa.

Binti yule ndiye aliyekataa. Alizunguka kwa kila mwanachama akaandika kila mmoja alitoa magunia mangapi, siku gani, na nani alimwona akiyapakia. Akampata kijana wa lori. Akapata hata kipande cha karatasi chenye mkono wa mnunuzi. Ana daftari limejaa. Wiki mbili zilizopita alilileta ofisini, akaliweka mezani, akauliza korti ya madai madogo iko wapi na hufunguliwa saa ngapi.

Tunakwenda naye Jumanne. Wanachama 22 wameambiwa wote, na nauli tumeipigia hesabu: wanane waende na kila safari, kwa zamu, wanaobaki wachange ya wanaokwenda na mmoja abaki na watoto. Mweka hazina ana orodha ya zamu hapa. Wale wa kikundi hicho ambao hawajatia sahihi, wamwone kabla ya chai.